Kumpiga picha musi porini Maine: mwongozo kamili kwa tunaotokea Portland na Lewiston

Kila ikifika mwezi wa tano simu zinaanza. "Kaka, hivi yule mnyama wa kwenye vibao vya njano barabarani anaonekana wapi, mwaka wa nne huu niko Portland sijamuona hata mkia." Mkia wenyewe hana wa maana, lakini swali ni la haki kabisa. Maine ndiyo jimbo lenye musi (moose kwa Kiingereza) wengi kuliko yote Marekani ukiitoa Alaska, makadirio yanayotajwa sana ni kati ya 60,000 na 70,000, amekuwa mnyama rasmi wa jimbo tangu 1979, yuko kwenye fulana, kwenye vikombe, kwenye sumaku za friji, halafu mtu anakaa huku miaka na miaka anaishia kumuona kwenye sumaku tu. Sasa nimechoka kurudia maelezo kwenye simu, naandika yote hapa.

Namwita musi kwa sababu ndivyo watoto wetu wanavyomwita wakitoka shule. Asiyemjua achukue ng'ombe dume wa kisasa ampandishe juu ya miguu ya ngamia, ampe pua kama imevimba, nyama inayoning'inia chini ya kidevu, na pembe bapa kama makoleo mawili. Begani anafika karibu mita mbili, dume mkubwa anapita kilo 450. Mlioko Sweden na Norway mnaye huyo huyo, tabia zake nitakazoeleza zitawasaidia, ila barabara nitakazotaja ni za huku.

Nianze na aibu yangu. Mara ya kwanza tulienda mwezi wa saba, familia nzima, tumeondoka nyumbani saa tatu asubuhi baada ya chai na vurugu za kutafuta viatu vya watoto, tukafika Greenville mchana jua limesimama, tukazunguka mpaka saa kumi jioni tukaona bata, kindi, na ng'ombe wa mtu. Nikarudia hivyo hivyo mara mbili nyingine nikidhani ni bahati mbaya. Shida haikuwa bahati. Nilikuwa namtafuta kama niko Mikumi, pale ambapo lami ya kwenda Iringa inakata katikati ya hifadhi na mtu anaona twiga kupitia dirisha la basi huku anakula korosho. Mikumi ni nyika wazi, mnyama hana pa kujificha. Huku msitu umesimama kama ukuta pande zote mbili, musi anaweza kuwa mita kumi kutoka kwenye gari lako na usimuone. Siku nilipoacha kumtafuta yeye nikaanza kutafuta kile anachokitaka mwezi ule, na saa anayokitaka, mambo yakabadilika kabisa.

Kwanza kabisa: mwezi huu anataka nini?

Mwezi wa tano na wa sita anataka chumvi. Winta nzima amekula vijiti na majani ya misonobari, mwili una njaa ya sodiamu, na winta hiyo hiyo malori yamemwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, theluji ikayeyuka ikaibeba mpaka kwenye mitaro. Kwa hiyo musi anatoka msituni anakuja kunywa tope la mtaroni. Ndiyo maana huu ndio msimu rahisi kuliko yote wa kumuona, na pia ndio msimu anaogongwa sana na magari, nitalirudia hilo mbele. Ubaya ni kwamba mwezi wa tano hapendezi. Anachakaa, manyoya ya zamani yanamtoka vipande vipande, wengine wameng'oka manyoya mpaka wanaonekana weupe kama mzimu kwa sababu ya kujikuna kupe wa winta, musi mmoja anaweza kubeba kupe elfu kadhaa mpaka makumi ya elfu na ndama wengi wanakufa kwa hilo. Ukitaka picha ya kutundika sebuleni subiri kidogo.

Kuanzia katikati ya mwezi wa sita mpaka wa nane anahamia kwenye maji. Mimea ya majini, yungiyungi na jamii yake, ina sodiamu kuliko majani ya nchi kavu, halafu maji yanampoza maana mnyama huyu joto linamtesa kweli, na yanampunguzia wadudu. Anaingia mpaka kifuani, anazamisha kichwa chote, anakitoa maji yanachuruzika na majani yananing'inia mdomoni. Hiyo ndiyo picha ninayoipenda mimi kuliko zote. Madume wakati huu pembe zao zinakua na zimefunikwa ngozi laini kama mahameli.

Mwisho wa mwezi wa nane kuingia wa tisa wanaichubua ile ngozi kwenye miti, na kuanzia katikati ya Septemba mpaka katikati ya Oktoba ni msimu wa kupandana. Hapo dume ana pembe safi, shingo imevimba, anatembea hata mchana akitafuta majike, na majani ya miti yamegeuka mekundu na ya njano. Kila mpiga picha anaota wiki hizo. Ila ni wiki za hatari na pia ni wiki za wawindaji, soma mpaka chini kabla hujawasha gari. Baada ya hapo, kuanzia Desemba pembe zinaanza kudondoka, barabara nyingi za msituni zinafungwa au hazipitiki, mimi huwa naweka kamera kabatini.

Pili: kazi ya nyumbani na ramani

Fungua ramani ya setelaiti kwenye simu au laptopu, tafuta vitu viwili vilivyo karibu karibu. Cha kwanza ni bwawa la maji mafupi au kinamasi, kwenye setelaiti kinaonekana kahawia au kijani cha kufifia pembeni mwa maji meusi. Ziwa kubwa lenye kina na mawe halina faida, mimea haioti. Cha pili ni sehemu ya msitu iliyokatwa magogo miaka kama mitano mpaka kumi na tano iliyopita, unaona viraka vya kijani chepesi katikati ya kijani kizito. Pale miti michanga inachipua, mierebi na mepo (maple) na jamaa zake, urefu unaofika mdomoni kwake, ndiyo mboga yake ya kila siku. Bwawa na kiraka vikiwa ndani ya maili moja ya kila kimoja weka alama. Weka alama tano sita, usiweke moja.

Halafu ipakue hiyo ramani ikae ndani ya simu kabisa. Ukipita Greenville au Millinocket mtandao unakata na haurudi mpaka urudi mwenyewe. Ukipata kitabu cha ramani za karatasi cha jimbo, vinauzwa vituo vingi vya mafuta, nunua, kinaonyesha mpaka njia za magogo.

Sehemu zenyewe

Greenville na ziwa Moosehead ndiko ningemwanzisha mtu yeyote, ni kama saa mbili na nusu mpaka tatu kutoka Portland. Toka Greenville fuata barabara ya Lily Bay mpaka Kokadjo, kijiji chenye kibao kinachosema wakazi wake "si wengi", na kweli si wengi. Mbele kidogo ya hapo kuna kinamasi kinaitwa Lazy Tom Bog, kiko wazi, milima kwa nyuma, unapiga picha bila hata kuingia msituni. Watu wanapajua hivyo usitegemee kuwa peke yako, ila panastahili sifa zake.

Baxter State Park ndiyo ya pili, na kwa uzuri wa picha ndiyo ya kwanza. Hii ni ardhi aliyoinunua gavana wa zamani Percival Baxter kwa pesa zake akaanza kuikabidhi kwa wananchi mwaka 1931 kwa sharti ibaki pori. Unakotaka kwenda ni Sandy Stream Pond, ni matembezi mafupi tu, chini ya nusu maili kutoka kambi ya Roaring Brook, hata mama mwenye mtoto mgongoni anafika. Kuna miamba pembeni ya bwawa unakaa, mbele yako maji, nyuma ya maji mlima Katahdin wote. Musi akiingia pale ukungu unapanda, aisee. Lakini sasa sikiliza masharti. Geti linafungwa usiku, kwa hiyo ukitaka kuwa bwawani kunapambazuka dawa ni kulala humo humo kambini, na nafasi zinachukuliwa mapema sana. Ukienda kwa siku moja unahitaji kuhifadhi sehemu ya kupaki pale Roaring Brook kabla hujaenda, siku zenye watu bila hivyo unarudishwa getini. Mbwa haruhusiwi kabisa. Maduka hakuna, taa hakuna, mtandao hakuna.

Kwa wasiotaka kutembea kuna barabara za lami zenyewe: namba 201 kutoka Bingham kupanda Jackman, namba 16 kati ya Rangeley na Stratton, na namba 11 kutoka Patten kwenda Fort Kent. Mwezi wa tano na wa sita hizo tatu zinatosha kabisa. Ukivuka kwenda New Hampshire kuna namba 3 juu ya Pittsburg, nayo ni nzuri, hata wenyeji wanaiita uchochoro wa musi.

Golden Road inayotoka Millinocket kuelekea mpaka wa Quebec nimeiacha mwisho makusudi. Ni barabara binafsi ya magogo, musi wapo kweli, lakini malori ya pale yana haki ya njia na yanakuja katikati na vumbi lake. Ukiliona lori, pembeni, simama, lipite. Tairi la spea liwe na upepo, mafuta yawe tenki nzima, mawe ya pale yanatoboa tairi kama utani. Sehemu nyingine za misitu ya kaskazini zina vizuizi unalipa ada ya kuingia na kuandikisha jina.

Na hili ni la kwetu sisi wageni. Jackman, Pittsburg, mwisho wa Golden Road, zote ziko jirani na Canada, na polisi wa mpakani wanazunguka. Beba kitambulisho na karatasi zako halisi. Kama kesi yako bado iko mahakamani muulize wakili wako kwanza kabla ya kwenda huko juu, picha ya mnyama haistahili matatizo.

Kufika mchana, kusoma alama

Watu wengi wanaruka hatua hii na ndiyo siri yenyewe. Usifike jioni ukaanza kubahatisha. Fika mchana, wakati wanyama wamelala kivulini, tembelea zile alama zako tano sita ukiangalia chini. Mzee mmoja kwenye kituo cha mafuta aliniuliza swali moja tu nilipomlalamikia kwamba sioni kitu: "Tope umeliangalia?"

Mtaro wenye tope jeusi lililovurugwa kama zizi la ng'ombe, na nyayo za kwato mbili zenye urefu kama kiganja na zaidi, basi hapo ndipo anapokunywa chumvi. Ukiona kingo za nyayo bado kali na maji hayajatuama ndani amepita leo. Angalia vijiti: musi hana meno ya mbele ya juu, hivyo hakati kijiti, anakivunja kwa kukivuta na ncha inabaki imechanika, wakati sungura anakata kama kwa kisu. Kinyesi cha winta ni vidonge vya mviringo kama tende ndogo kavu, cha kiangazi ni kilaini kama cha ng'ombe. Bwawani tafuta njia iliyokanyagwa ikiingia majini na vipande vya mimea vinavyoelea vimeng'olewa na mizizi. Msimu wa kupandana utakuta shimo lililochimbwa kwa kwato linanuka mkojo vibaya mno, dume ndiye anayelichimba, piga picha ya shimo kama unataka halafu ondoka, usikae hapo kumsubiri mwenye nyumba.

Chagua sehemu mbili tu zenye alama mpya. Moja ya jioni, moja ya alfajiri. Angalia pia jua linachomoza upande gani ili usijikute unapiga dhidi ya mwanga bila kupenda.

Saa

Mwezi wa sita huku jua linachomoza kama saa kumi na dakika hamsini alfajiri na linazama karibu saa mbili na nusu usiku. Uwe umeshakaa mahali pako nusu saa kabla ya kuchomoza. Ndiyo, maana yake unaamka saa tisa usiku, ndiyo maana nasema lala huko huko, nyumba ya wageni ya bei rahisi au hema. Asubuhi ya baridi baada ya mvua ndiyo bora kuliko zote, siku ya joto kali wanarudi msituni mapema. Jioni anza saa moja kasoro mpaka mwanga uishe. Na ukikosa rudi pale pale kesho. Mimi picha yangu bora niliipata asubuhi ya tatu kwenye bwawa lile lile, asubuhi mbili za kwanza nilikula usubi tu.

Usubi ni wa kweli, ndiyo wale wale tunaowajua kwetu kwa ugonjwa wa macho, hawa wa huku hawaleti upofu ila wanang'ata mpaka nyuma ya masikio. Mwezi wa tano na wa sita vaa wavu wa kichwani, unauzwa rahisi sana, unachekesha lakini utanishukuru. Suruali ndefu ya rangi nyepesi, chomeka ndani ya soksi kwa ajili ya kupe.

Kamera

Lenzi inayofika milimita 400 ndiyo raha, 300 inatosha bwawani, 200 utapiga picha ya musi na mazingira yake ambayo mara nyingi ni nzuri kuliko sura yake peke yake. Mwenye simu tu asikate tamaa ila asivute zoom mpaka mwisho, acha mnyama awe mdogo ndani ya picha, mlima na maji vifanye kazi.

Mnyama ni mweusi na mwanga ni mdogo, hapo ndipo tabu inaanza. Akijaza picha, kamera inadhani ni giza inaongeza mwanga, manyoya yanakuwa ya kijivu na maji nyuma yanaungua, punguza kama theluthi mbili ya stopu, kile kipimo cha mwanga kwenye kamera. Akiwa mdogo katikati ya ukungu mweupe ni kinyume, ongeza mpaka stopu moja. Kasi ya shata iwe 1/500 ya sekunde akitembea, akisimama kula unaweza kushuka mpaka 1/125 kama umeegemea kitu, ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, iache ipande 1600, 3200, chenga chenga kidogo si dhambi, picha iliyotikisika ndiyo dhambi. Fokasi weka nukta moja na uielekeze jichoni. Mimi niliwahi kumpata dume kamili akitoka majini, nikapiga kama themanini hivi, zote zimefokasi kwenye nyasi za mbele yangu.

Kwenye gari huhitaji stendi ya gharama. Chukua kilo mbili za maharage weka kwenye mfuko wa kitambaa, laza dirishani, lenzi juu yake, zima injini isitetemeshe. Ukirudi unayapika.

Umbali, na hapa sitanii

Tunamuogopa nyati tukimuona, kwa nini huyu tunamwendea kama mbuzi? Anakimbia mpaka maili 35 kwa saa na anapiga teke kwa miguu ya mbele. Hifadhi nyingi za Marekani zinasema angalau yadi 25, mimi nasema mita hamsini na uwe na mti mnene au gari karibu. Jike mwenye ndama, mwezi wa tano na wa sita, ndiye hatari kuliko dume, usisimame kati yao hata kwa bahati mbaya. Ukiona masikio yamelala nyuma, manyoya ya nundu yamesimama, anajilamba pua, anakuja polepole kwako, huo si urafiki. Rudi nyuma. Akikimbilia, kimbia wewe pia, zunguka mti mkubwa. Dubu ndiye usiyemkimbia, musi unamkimbia. Watoto wabaki garini, hilo halina mjadala nyumbani kwangu.

Akiacha kula akakutazama umeshasogea sana. Usipige miluzi wala honi ili ageuke.

Wakati wa uwindaji, kuanzia mwisho wa Septemba, vaa fulana na kofia ya rangi ya chungwa inayowaka, watoto pia. Bora zaidi nenda Jumapili, Maine hairuhusu kuwinda Jumapili. Na msimu huo usimulike wanyama kwa tochi usiku, ni kosa kisheria na askari wa wanyamapori watakuchukulia kama jangili hata ukiwaonyesha kamera.

Kurudi

Umepiga picha mwanga umeisha, una furaha, una usingizi, na una saa tatu za barabara. Musi ni mweusi kama lami, macho yake yako juu ya mwanga wa taa zako hivyo hayang'ai kama ya paa, na miguu ni mirefu kiasi kwamba ukimgonga boneti inapita chini na kilo mia nne zinakuja kwenye kioo. Watu wanakufa hivyo kila baada ya muda. Usiku nenda polepole kiasi kwamba unaweza kusimama ndani ya mwanga wa taa zako, abiria naye asilale, aangalie upande wa kulia. Akivuka mmoja simama usubiri, mara nyingi ndama anafuata. Kama macho yanafumba lala kijijini uondoke asubuhi, na labda njiani utampata wa pili.

Ukifika nyumbani, kabla hata ya kuhamisha picha kwenye kompyuta, kila mtu bafuni akaguliwe kupe, nyuma ya magoti, kwapani, kwenye nywele za watoto. Wale wadogo wa paa ndio wanaoleta ugonjwa wa Lyme, mtoe kwa kibano ukimshika karibu kabisa na ngozi, na andika tarehe mahali, ukitokea wekundu au homa siku zinazofuata daktari atakuuliza.